Vipindi vilivyogeuza televisheni: tuache utamu kwanza, tuulize nani alishika kanda

MtemiWaMakole (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Jana kijiweni hapa Makole vijana wawili nusura washikane mashati kisa sizoni ipi kali kuliko zote. Mmoja Game of Thrones, mwenzake Breaking Bad. Nikaona wote wanajibu swali ambalo hakuna aliyewauliza. Kipindi kinaweza kuwa kitamu hadi chai ikapoa mezani, na bado televisheni ikabaki ile ile. Kingine ukikiona leo unasema mbona cha kawaida, kumbe ni cha kawaida kwa sababu kila mtu alikiiga.

Kipimo changu ni kimoja: kipindi kilipopita, watengenezaji wengine waliendelea kufanya kazi walivyozoea, au ilibidi wabadilike? Ukitumia kipimo hicho utakuta hadithi yenyewe mara nyingi siyo iliyoleta mapinduzi. Kilicholeta mapinduzi ni nani anamiliki kanda, nani analipa, na nani anapanga saa.

Naanza na I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha Marekani, na hapa nitakaa, vumilieni.

Mwaka 1951 vipindi vikubwa vya Marekani vilikuwa vinafanyika New York, mubashara. Wa pwani ya magharibi waliletewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Ukungu mtupu. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood. Mdhamini, kampuni ya sigara, naye hakutaka wateja wake wa mashariki ndio waletewe ukungu. Arnaz akasema basi tupige kwa filamu yenyewe ya milimita 35, kamera tatu kwa mpigo, na watazamaji wawepo ukumbini wacheke kweli. Taa zikawa tatizo, maana mwanga unaoifaa kamera ya karibu unaiharibia ya mbali. Wakamleta Karl Freund, mpiga picha aliyefanya kazi kwenye Metropolis huko Ujerumani enzi za filamu bubu, akapanga mwanga mmoja uliozitosha zote tatu.

Ikabaki fedha. Filamu ni ghali na CBS hawakutaka kubeba mzigo wote. Arnaz na mkewe wakakubali kukatwa malipo yao, kwa sharti kwamba filamu zikishaonyeshwa ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Wakubwa wa kituo wakaona wamepata mteremko. Wakati ule kipindi kilichokwisha kurushwa kilikuwa kama gazeti la jana, la kufungia maandazi.

Hapo ndipo yalipozaliwa marudio kama biashara. Filamu safi unaweza kuionyesha tena mwakani, ukaiuza kwa kituo cha jimbo jingine, ukaiuza ng'ambo. Mwaka 1957 Desilu ilinunua studio za RKO, na miaka ya 60 humo humo zikatoka Star Trek na Mission: Impossible. Na msidhani watu walikuwa hawatazami: Januari 19, 1953, Lucy wa kwenye kipindi alipojifungua, walitazama watu takriban milioni 44. Kesho yake Eisenhower akaapishwa kuwa rais, wakatazama kama milioni 29.

Vichekesho vya ukumbi vyenye kamera tatu vimeendelea kutengenezwa kwa mpango ule ule mpaka kizazi chetu.

Roots nayo naiweka, japo kwa haraka. ABC waliirusha usiku nane mfululizo, Januari 23 hadi 30, 1977, badala ya mara moja kwa wiki. Wanaoijua historia yake wanasema sehemu ya sababu ni woga: kituo kilihofia hadithi ya utumwa itawakimbiza watazamaji Wazungu, kikaona bora iishe upesi. Usiku wa mwisho watu wapatao milioni 100 walikuwa mbele ya kioo. Woga wa mpanga ratiba ukawafundisha wengine wote kwamba tamthilia fupi inaweza kuliteka taifa zima kwa wiki moja.

Ya tatu The Sopranos, 1999. HBO walikuwa wanalipwa na watazamaji wenyewe kwa mwezi, hawamtegemei muuza sabuni. Ndiyo maana waliweza kumweka jambazi muuaji katikati ya hadithi bila kuogopa tangazo kuondolewa. Mengine yote ya "mhusika mkuu mbaya unayempenda" yalipita mlango huo.

Karibuni. Ila ukija na "naunga mkono hoja" peke yake nitakuchukia.

SitiYaMbele

Naunga mkono hoja.

BintiKondoa

Mtemi shikamoo. Uzi mzuri, ila umezunguka Marekani tu kama vile dunia inaishia California. Kwa kipimo chako hicho hicho, mapinduzi makubwa yalianzia Peru, na mkia wake umefika mpaka hapa Dodoma. Nafundisha mambo ya mawasiliano, niruhusu nirefushe.

Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha Simplemente María. Msichana katoka kijijini, kawa mfanyakazi wa ndani mjini, akajifunza kusoma na kushona, cherehani ikamtoa kimaisha. Watazamaji, hasa wasichana wa kazi, wakaanza kujiandikisha kwenye madarasa ya kusoma na kushona, na mauzo ya cherehani za Singer yakapanda. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilikuwa tamthilia ya kuuza matangazo.

Mtayarishaji mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, akajiuliza: kama jambo hili limetokea kwa bahati, likipangwa je? Akaichambua tamthilia ile, akatengeneza utaratibu. Unaweka mhusika wa mfano mwema, unaweka wa mfano mbaya, halafu katikati unaweka anayeyumba, anayejaribu, anayeanguka, mwishowe anaamua. Huyo wa katikati ndiye mtazamaji. Mwaka 1975 akatoa Ven conmigo kwa ajili ya elimu ya watu wazima, madarasa yakajaa. Kisha ya uzazi wa mpango. India wakachukua utaratibu huo, wakatoa tamthilia ya Hum Log kwenye Doordarshan, televisheni yao ya taifa, mwaka 1984.

Halafu ukaja kwetu. Mnaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania? Ilianza Julai 1993, mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori, mwanamke kila kituo, mwisho akapata Ukimwi. Mkewe Tunu akajitegemea. Ni Sabido mtupu, kwa Kiswahili.

Sasa sikieni. Wakazi wa Dodoma hatukuisikia. Mtambo wa Dodoma ulikuwa unarusha vipindi vya hapa hapa saa hizo, na watafiti akina Everett Rogers na Peter Vaughan wakaitumia nafasi hiyo: mikoa mingine isikie, Dodoma isisikie, halafu walinganishe. Kuanzia 1993 hadi 1995 sisi tulikuwa kundi la kulinganishia. Waliposikia kwingine, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko kwetu. Baada ya 1995 ikarushwa na huku, na kwetu yakapanda. Kwenye somo hili, utafiti huo unatajwa duniani kote, na jina la Dodoma limo.

MtemiWaMakole

Marahaba binti. Nimejifunza. Lakini hiyo ni redio, uzi ni wa televisheni. Usinichomekee.

BintiKondoa

Utaratibu ulizaliwa kwenye televisheni, ukahamia redio kwa sababu mwaka 1993 Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Bara ilibidi tungoje hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza. Ungetaka Mkwaju aonekane kwenye nini, kwenye ukuta?

MzeeKibaigwa

Hahaha, Mtemi umepatikana.

Mimi nilikuwa na mgahawa barabarani Kibaigwa miaka hiyo. Nyie mnasema Dodoma hatukuisikia, lakini madereva wa malori walikuwa wanashuka hapo wanakula ugali huku wanasimuliana Mkwaju kafanya nini wiki hii. Na wao ndio akina Mkwaju wenyewe! Mmoja alikuwa anamtetea kabisa, anasema mwandishi kamwonea. Wahudumu wangu waliijua hadithi yote bila kusikia hata sekunde moja redioni.

BintiKondoa

Mzee wangu, basi nyie ndio mlioharibu utafiti wa watu. Nitaieleza darasani, wanafunzi watacheka.

FundiKingamuzi

Mnasoma sana nyie. Mimi nafunga madishi na kuuza ving'amuzi, naongea ninachokiona majumbani.

Kipindi kilichobadilisha televisheni Tanzania ni Bunge. Tena kinatengenezwa hapa hapa Dodoma. Februari 7, 2008, siku Waziri Mkuu Lowassa alipotangaza bungeni kujiuzulu kwa suala la mkataba wa umeme wa Richmond, nilikuwa kazini Area C, nusu dishi liko ukutani nusu liko mkononi, mwenye nyumba ananiambia acha kwanza. Ripoti ya kamati ya Mwakyembe ilifuatwa kuliko tamthilia yoyote. Mwaka 2014 hivyo hivyo, kwanza Bunge Maalum la Katiba, halafu Novemba likaja sakata la fedha za akaunti ya Escrow. Watu walikuwa wanajua kanuni za Bunge kwa namba. Mama muuza mihogo anakwambia "mwongozo wa Spika" na anajua maana yake.

Halafu Januari 2016 Waziri Nape akatangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge zima mubashara, sababu ikatajwa gharama. Biashara yangu niliisikia ikishuka.

KijanaWaNgongona

Bunge siyo kipindi kaka. Hakuna mwandishi, hakuna muongozaji.

FundiKingamuzi

Muongozaji yupo, ndiye anayechagua kamera imwangalie anayechangia au anayesinzia.

MtemiWaMakole

Fundi yuko sawa, na namuongezea. Marekani mwaka 1954 vikao vya Seneta McCarthy, yule msaka wakomunisti, na Jeshi vilirushwa mubashara kwa wiki kadhaa. ABC wakati ule walikuwa kituo kinyonge, mchana hawakuwa na vipindi vya kupoteza, ndiyo maana wakajaza saa zao na vikao. McCarthy magazetini alikuwa simba. Kwenye kioo watu wakamwona anavyokatiza wenzake, anavyotisha mashahidi, na umaarufu wake ukaporomoka. Hakuna aliyemwandikia maneno. Televisheni ikagundua kwamba kamera ikiachwa mahali pamoja kwa muda mrefu, mtu anajieleza mwenyewe.

Turudi kwenye kipimo: nani anapanga saa. Kwenye Bunge mpanga saa alionekana waziwazi mwaka 2016.

ShangaziIpagala

Hodi humu. Nyie wanaume mmeshaanza siasa.

Mimi nasema Isidingo. ITV walituletea, watu wa mgodini Horizon Deep, Afrika Kusini, Kiingereza changu cha darasa la saba na bado nilikuwa sikosi. Cherel alivyokuwa mbaya! Barker Haines je? Kabla ya hapo jioni ilikuwa ni taarifa ya habari basi. Ile ya kila siku ya kazi ilitufundisha kupanga saa za nyumbani kwa tamthilia, na ikatuonyesha Mwafrika kama meneja, kama tapeli, kama mpenzi, siyo kama mtu wa kuhurumiwa. Kikundi cha maigizo cha Kaole nacho kilikuwepo ITV hiyo hiyo, ndiko walikotokea kina Kanumba na Ray, msiwasahau. Na Orijino Komedi pale TBC, Joti na Masanja walipokuwa wanawaiga wakubwa huku nchi nzima inacheka, hilo nalo halikuwa dogo.

Lakini mageuzi yenyewe kwangu ni sauti. Mama yangu yuko Mpwapwa, Kiingereza hajui. Azam walipoleta Sultan, tamthilia ya Kituruki, kwa sauti za Kiswahili, mama akawa ndiye anayetusimulia sisi. Anagombana na Hurrem kama mke mwenza. Kabla ya hapo alikuwa anatazama picha na kuuliza "amesemaje huyo?" mpaka wajukuu wanakimbia.

BintiKondoa

Shangazi umegusa penyewe. Na Waturuki hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hivi kwamba Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba. Rais wa China anazungumzia ugomvi wa mkwe na mama mkwe!

MtemiWaMakole

Na kabla ya wote hao alikuwepo Lufufu, msimuliaji wa filamu za kigeni kwa Kiswahili. Vibanda umiza vya Majengo na Chang'ombe vilijaa kwa ajili ya sauti yake, siyo ya Schwarzenegger. Hakuwa anatafsiri, alikuwa anasimulia: anampa mhusika jina la kwetu, anakueleza kwa nini yule kaka amekasirika, anatania. Hakuna kituo kilichomwajiri wala wizara iliyomtuma. Vituo vikubwa vilikuja kulipia studio baada ya miaka mingi kufanya jambo ambalo watu wa kibandani walikuwa wameshalizoea. Nikiulizwa Mtanzania aliyebadilisha jinsi tunavyotazama, namtaja yeye, ingawa hakuwa na kipindi.

KijanaWaNgongona

Sawa wazee, na mimi nisikilizwe. Mleta uzi umeishia 1999. Mapinduzi ya kizazi chetu ni Prison Break.

Usicheke. Hadithi sawa, kutoroka jela, msimu wa kwanza moto, wa mwisho maji. Lakini tuliitazamaje? Hakuna hosteli ya UDOM iliyosubiri Jumatatu usiku. Unanunua diski ya msimu mzima mjini au unaazima flashi, mnafunga mlango watu sita laptopu moja, mnatoka asubuhi macho mekundu. 24 hivyo hivyo, ile iliyotengenezwa ili kila episodi iwe saa moja ya siku ya Jack Bauer. Sisi tuliitazama karibu kwa saa zake halisi!

Februari 1, 2013 Netflix wakatoa House of Cards, episodi zote 13 kwa siku moja, dunia ikasema ajabu. Sisi tukasema karibuni. Hapa Dodoma tulikuwa tumeshazoea. Kwa kipimo chako, Mtemi, "nani anapanga saa", jibu ni muuza diski wa stendi.

SitiYaMbele

Huyu kijana apewe soda.

MtuWaHaki

Mnasifia wizi mchana kweupe. Lufufu wizi, diski wizi, flashi wizi. Halafu kesho mnalalamika Bongo Muvi imekufa.

MtemiWaMakole

Mtu wa Haki, sikukatalii. Ila wizi haukuiua peke yake. Watayarishaji wetu wengi enzi za diski walimuuzia msambazaji haki zote kwa fedha ya mkupuo. Filamu ikiuza sana, ni ya msambazaji. Ikirudiwa televisheni, ya msambazaji. Ikiwekwa mtandaoni leo, ya msambazaji. Desi Arnaz alichukua pungufu akabaki na mikanda. Wa kwetu alichukua mkupuo akabaki na picha ya bango. Simlaumu, kodi ya nyumba haisubiri marudio. Lakini tofauti kati ya Desilu na sisi haikuwa kipaji.

MsaniiMstaafu

Nimekuwa nasoma kimya, hapa imenibidi niandike.

Nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo, tulirekodiwa mfululizo mzima na kituo kimoja ambacho sikitaji. Tulilipwa nauli na chakula. Tulifurahi, tulionekana, mtaani tukawa tunaitwa kwa majina ya wahusika wetu. Miaka ikapita, mwenzetu aliyecheza baba mwenye nyumba akafariki, watoto wake wakaomba nakala wamtazame baba yao. Tukaambiwa kanda zile zilirekodiwa mambo mengine juu yake. Kanda zilikuwa ghali, ratiba inasonga. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ila hatupo tena.

BintiKondoa

Pole sana. Haikuwa kwetu tu. BBC walifuta sehemu nyingi za tamthilia yao ya Doctor Who za miaka ya 60 kwa sababu hizo hizo: kanda ghali, na mikataba ya waigizaji ilizuia kurudia rudia, kwa hiyo wakaona hazina kazi. Karibu episodi mia moja hazijapatikana mpaka leo.

Lakini walikuwa wameuza nakala za filamu nje. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba episodi tisa zimepatikana Jos, Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha kurushia matangazo. Zilikaa pale tangu walipomaliza kuzionyesha, hakuna aliyezitupa. Waingereza wakapata urithi wao Afrika.

Kaka, katika kikundi chenu hakuna aliyekuwa na deki nyumbani akarekodi wakati inaonyeshwa?

MsaniiMstaafu

Shemeji yangu wa Mpwapwa alikuwa nayo. Alikuwa anarekodi kila kitu, mpira, harusi, sisi. Zipo kwenye sanduku la bati darini, kama panya wamezihurumia. Deki yenyewe ilikufa zamani.

ShangaziIpagala

Mpwapwa nakwenda Ijumaa kumwona mama. Nielekeze nyumba faraghani, nitalibeba hilo sanduku.

FundiKingamuzi

Deki ninayo mbili dukani, moja inazunguka. Shangazi ukilileta usiziweke juani kwenye gari, na mtu asijaribu kuzitumbukiza kwenye deki yoyote huko njiani. Kanda ikiwa na ukungu itaacha uchafu kwenye hedi, na ikinasa inakatika. Nitazifungua moja moja nizisafishe kwa mkono, halafu tunahamishia kwenye kompyuta. Kazi sitoi bili. Msanii aje na flashi kubwa, siyo zile za GB mbili.

KijanaWaNgongona

Diski ngumu ya nje ninayo, TB moja. Ina Prison Break nusu, nitafuta.

MtuWaHaki

Na kabla hamjaweka chochote mtandaoni, andikeni nani alicheza na nani anamiliki. Mimi nitawaandalia hiyo karatasi.